Uso Yenye Jasho Ilifuta

Hapana, ile foto kubwa sikuitupa. Iko nyuma ya kabati, imeangalia ukuta, na mutu asiende kuigeuza. Naona vile unaangalia ile misumari mbili pale juu, yenye haishike kitu. Utaniuliza tu. Njo najibu mbele, juu nikianza kungojea maswali ya batu ya leo, nitakufwa na majibu mu kinywa.

Weye andika vile nasema, mujukuu. Maneno yangu usiyavalishe soksi. Miye masomo sikuingiaka, jina yangu inaweza kupita mbele yangu ku karatasi na nisiisalimie. Kazi yenye Mungu alinipa ni kuiga batu. Katekista yetu, ule anaimbia mu pua, naweza kukuletea hapa ndani, utasimama kwa sala. Papa ya Butembo mwenye ana kamio, ile gari kubwa ya mizigo, ule anashuka anasema "ayi, mama, barabara imetumaliza" na tumbo yake haijamalizika hata kidogo, naye nakuletea. Mama mukwe yako, usiniambie nianze, nitalala na njaa. Batu wote wa hapa Kashebere niko nao mu koo. Iko sauti moja tu yenye siifanye tena. Nitakuambia maneno yake, lakini sauti yenyewe hautaisikia.

Bwana yangu alikuwa mutu ya mulima, ku Masisi, mulimaji ya viazi na maharagi. Kila jioni akitoka ku shamba, anasimama inje ya mulango, anaegemeza jembe, anakohoa mara mbili, halafu anauliza: "Mama batoto, moto iko?" Moshi inaonekana tangu kule chini ku mutoni, batu ya mulima ya ngambo wanaiona, na ye anauliza. Miye najibu: "Hapana, papa, leo moshi ilikuya peke yake kututembelea." Hacheke. Anavuta mudomo ya chini kwa vidole mbili, anainua nyusi moja, anaingia, anakaa. Karibu miaka makumi ine ile kitu. Sikujua kama nilikuwa naipenda. Nilikuwa naona ni kelele ya nyumba tu, sawa mulango yenye inalia.

Alikufwa na ugonjwa ya kifua, tukamuzika kule kule, nyuma ya ndizi. Kiisha vita ikatutosha, ikatufukuza ku mulima. Nilikimbia na sufuria moja, blangeti moja, na karte yake ya elekteur, ile ya kupigia kura yenye foto. Foto ya ndoa yetu ilibakia ku ukuta, na ukuta nayo haikubakia.

Ile karte niliifunga mu kitambaa, nikaiweka hapa, ku matiti. Mu njia batu ya bunduki walikuwa wanatosha batu kila kitu mu mifuko, lakini fasi ile ya mama muzee walikuwa wanaiogopa kidogo. Nilitembea nayo mupaka huku Kashebere. Nililima nayo, nilibeba kuni nayo, nililala nayo. Njo kosa yangu ile. Hizi karte haziwezi joto. Siku moja nikamutosha juu nimuonyeshe jirani: uso hakuna. Ilibakia weupe sawa bunga, na kola ya shati, na sikio moja. Mwanaume wote mwenye nilizaa naye batoto saba, imebakia sikio. Jasho yangu ilimufuta. Nilikuwa namubana juu asipotee, kumbe njo vile nilikuwa namupoteza.

Jirani akaniambia pole. Nikacheka, nikasema angalau sasa atanisikiliza, hana kinywa tena ya kunijibu. Nilicheka, weye. Lakini kutoka siku ile, nikifunga macho, naona kofia yake, naona mikono na ile udongo mu kucha, naona mugongo akipanda kwenda ku shamba. Uso hapana. Unajua vile unatafuta sindano, mikono inajua kama iko hapa, na hauipate? Njo vile. Sauti nilikuwa nayo, ile ya "moto iko", nilikuwa naifanya asubui peke yangu, nikiwasha. Nafanya sauti, halafu nangojea uso ikuye kuifuata. Haikuye.

Basi, dada yako mukubwa, ule aliolewa Mubi, akazaa. Nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, kwenda kumuoshea mutoto. Mubi unaijua, ni matope na moto na kamio, na batu ya machimbo wanapita wakiwa rangi moja kutoka kichwa mupaka miguu. Mbele ya nyumba yake, ngambo ya barabara, kulikuwa studio. Mwenye studio ni mwanamuke ya Butembo, mutoto ya batu ya biashara. Kaka yake anauza telefone pale mbele, ye anakaa nyuma na mashini yake, rozari inanginia ku kona ya ekran, kioo ya ile mashini. Anachora na kalamu yenye haina wino, juu ya kioo. Nilizania anapangusa vumbi.

Ukuta yake yote ilikuwa vedeti, batu ya jina kubwa. Baimbaji, bachezaji ya mupira, batu ya sinema, bapasteri wenye meno nyeupe sawa sahani mupya. Hawakuwa foto tu, alikuwa amebachora tena na rangi zake, mwingine uso ya bluu, mwingine machozi ya zahabu. Na kila mutu mwenye anaingia alikuwa anataka kusimama karibu yao. Mwanaume moja ya machimbo alikuya na matope mupaka magoti, akasema hivi, na hii sauti unaruhusiwa kucheka: "Dada, niweke na ule muimbaji. Lakini ye anishike ku bega, miye nisimushike. Ionekane njo ye alinitafuta." Na mama moja ya samaki akaomba akalishwe mu ndege, ku dirisha, na asicheke, juu batu wenye wamezoea ndege hawacheke.

Nilikuwa nakaa pale na mutoto ku mugongo, nangoja batoke, halafu nabaiga moja moja. Ule wa Butembo alicheka mupaka kalamu ikaanguka. Aliniita koko, sawa vile mu mugini wanaita bibi. Kila siku akaanza kuniwekea kiti. Akanivalisha na mashini yake: lineti nyeusi ya macho, nywele mupaka kiuno, mikufu. Nikajiangalia mu kioo. Mwanamuke mwenye hajaosha sufuria hata moja. Nikamuambia, "Huyu akikuya kwangu, namufukuza, atanikalia bwana."

Kazi yenye alipenda zaidi haikuwa ya bakliya, wale wanalipa. Ilikuwa uso ya muimbaji moja, ule kila mutu anajua, kubwa sawa mulango. Ukiwa mbali ni ye. Ukikaribia, ile uso yote imejengwa na vinyuso vidogo vidogo: batu ya Mubi wenye wamepita pale studio. Nyusi ni bachimbaji. Mudomo ni bamama ya soko. Nikamuuliza juu ya nini anasumbukana vile. Akajibu polepole, vile batu ya kwao wanaongea wakiwa na kitu ya kweli mu kichwa: "Koko, vedeti ni nani? Ni batu bengi wamekubali kuangalia uso moja."

Nikasema, "Basi bwana yangu alikuwa vedeti ya mutu moja." Na nikatosha karte.

Aliishika ku mwangaza muda murefu. Alinionyesha vile mashini inakuza: sikio ikakuwa kubwa sawa mukate, kola nayo, na katikati weupe tu. Akasema hapa mashini haiwezi, haina kitu ya kushika. Kiisha akaniuliza swali yenye alikuwa anauliza batu wote wenye wanamuletea foto ya zamani yenye imeharibika: "Alifanana na vedeti gani?" Juu njo vile alikuwa anafanya. Anachukua uso yenye inajulikana, anaipunguza, anaiongeza, mupaka watoto ya marehemu wanasema, iko sawa.

Akanipitishia bote ku ekran. Taya ni ya huyu? Macho ni ya huyu? Nikapita mbele ya bachezaji na baminister sawa mutu anachagua nyanya. Mwishoni nikasimama ku mutu moja ya sinema ya mbali, nikasema taya njo hii. Nikacheka juu bwana yangu alitembea maisha yake yote na taya ya sinema na hakuna mwenye alimulipa. Lakini akaiweka chini ya ile sikio, na ikakuwa mugeni. Mutu muzuri, mugeni. Alikuwa anaangalia sawa mutu mwenye anangoja apigiwe makofi. Bwana yangu, ukimupigia makofi angeangalia nyuma aone ni nani amepita.

Njo nikasimama. Nikaweka mutoto chini. Nikasema, "Hapana, acha nikuonyeshe." Nikakohoa mara mbili, nikavuta mudomo na vidole mbili, nikainua nyusi, nikasema yake: "Mama batoto, moto iko?"

Ule wa Butembo hakucheka. Siku ile ni mara ya kwanza nafanya mutu na hakucheka. Akachukua telefone, akasema, "Rudilia."

Tulifanya siku tatu. Asubui naosha mutoto, kiisha navuka barabara nakuwa bwana yangu. Alinipiga foto nikikohoa, nikinyamaza, nikiwa na hasira ya mvua yenye haikuye, nikiangalia viazi yenye imeoza. Kila kitu alikuwa anafanya ku ile mulima, nilifanya mu ile studio, mbele ya bapasteri na meno yao. Halafu ye anachukua, anaweka ku kioo, anaongeza mifupa, anatosha kilemba changu, anakausha mashavu, anaotesha ndevu mweupe. Taya ya sinema akaitupa. Sikio na kola akaviacha vile vilikuwa ku karte, hakuvigusa.

Alikuwa na mazoea ya kufuta mikunjo, juu bakliya ya Mubi hawapende mikunjo. Nikamuambia asifute hata moja, na aongeze kovu ku nyusi, fasi mupanga ilimukata akiwa kijana.

"Kuume ao kushoto, koko?"

Kovu ile niliipakaa mafuta miaka. Nikaweka kidole ku nyusi yangu ya kuume, nikaitosha, nikaiweka ku kushoto. Nikaona kama sijui. Nikasema, kuume. Nilisema na nguvu, vile unaambia mutu ya bariere, mwenye anapekua batu ku barabara, kama mu mufuko ni maharagi tu. Akachora kuume.

Siku ya tatu, saa za mangaribi, akageuza ekran. Ukiniuliza nililia, sikulia. Nilimusalimia. Nikamuambia, papa, umekawia. Alikuwa pale, mudomo imevutwa kidogo, nyusi imepanda, anakaribia kuuliza. Niliangalia mupaka ule wa Butembo akaenda kutengeneza chai, akarudi, chai ikapola. Uso ilikuwa imekuya kufuata sauti. Njo kitu yenye nilikuwa nataka, hakuna ingine.

Akamutosha na mashini ya kuchapa ku bashi, ile plastiki ya mabango, kubwa vile alikuwa. Akakataa hata feza kidogo, akasema nimemufundisha. Nikamufunga sawa mukeka, nikapanda moto, bwana yangu juu ya magoti. Motari, mwenye kuendesha, alikuwa mutu ya mbio na ya mudomo. Kila fasi tunapumzika, anamufungua, anaonyesha batu. Mbele tufike hapa, alikuwa amemupiga foto, amemuweka ku telefone yake fasi kila mutu anaona. Nilipigilia ile misumari mbili, nikamunginiza pale. Na njo shida ikaanza, lakini mbele ilikuya imevaa furaha.

Kashebere hakuna mwenye alimujua bwana yangu. Hakufikaka huku. Lakini mu juma moja akakuwa mutu mukubwa. Batu ya kamio wanasimama, wanachungulia: "Mama, huyu muzee ni nani? Alikuwa minister?" Najibu ni mulimaji ya viazi. Wanaangaliana, wanaona nawaficha. Bamotari wakaenda kuomba foto zake ndogo kule Mubi, wakamubandika ku tanki, katikati ya muimbaji na muchezaji ya mupira. Na miye nilikuwa nabapatia sauti bule, weye, kila mwenye anaingia: nakohoa mara mbili, "Mama batoto, moto iko?" Wanacheka, wanarudilia. Siku moja nikasikia moto mbili zinakutana ku barabara, moja inasema "Moto iko?", ingine inajibu "Iko!", na wote hawamujui. Ile neno ilikuwa ya mulango yangu.

Nikaanza kuona wivu, miye mwanamuke muzee. Nilikuwa nangoja baende, ndiyo nibakie naye. Lakini nikibakia naye, ile kovu inaniangalia. Kuume. Sawa ao si sawa? Hakuna wa kuuliza. Batoto yangu wenye wamebakia wanataka tu kunifurahisha, wanasema kila kitu ndiyo. Batu wote wenye wanasema "ni yeye kabisa" hawakumuona. Nikaona nataka mutu moja, moja tu, mwenye alikula naye, asimame pale mbele aseme "njo ye." Nikisha kusikia ile, ningelala.

Na mutu ile alikuwa moja tu. Mulamu wangu, dada yake mudogo, mwenye walinyonya ziwa moja. Vita ilimutupa kule upande ya Mubambiro, karibu na kambi ya basoda wenye bunduki, anauza makala ya kupikia. Naye ilimufikia ku telefone ya mutu, kama kaka yake anatembea ku moto. Akatuma neno anakuya.

Mulamu huyu, uanze kumujua: anaongea sawa mutu anapasula kuni. Anapiga mara moja, anaangalia kama imepasuka. Siku ya ndoa yangu alinizunguka yote akasema, "Miguu iko nguvu." Njo pongezi yote nilipata kwake. Kama angesema njo ye, basi ingekuwa ye.

Nilifagia mara mbili. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, na viazi ya Masisi yenye nilitafutisha. Nilipangusa bashi na maji ya sabuni. Majirani wakasikia, wakakuya, na bamotari wane, wakasimama ku mulango sawa batu wenye wanangoja mechi. Akashuka ku kamio, amezeeka, lakini anatembea vile alikuwa. Tukashikana. Tukalia kidogo juu ya batu wenye hawako. Akaomba maji. Akakula mbele, na hakuinua macho ku ukuta, mupaka sahani ikakuwa mweupe.

Kiisha akasimama, akapangusa macho na kona ya kitenge, akakaribia. Aliangalia kutoka juu. Nywele. Kovu, na hapo nikamukaribia, lakini akapita. Mudomo. Kola. Akanyoosha kidole, akaigusa sikio, polepole, akaizunguka yote na kidole, na nikaona kidevu yake inatetemeka. Nikasema mu roho yangu, imepasuka, sasa atasema.

Kidole ikabakia pale ku sikio. Bamotari wakaanza kuangaliana. Nikaona nimusaidie. Nikasimama pale kando ya bashi, nikakohoa mara mbili, nikavuta mudomo, nikainua nyusi, nikafanya vizuri kupita siku zote, juu ya dada yake: "Mama batoto, moto iko?"

Mulamu akageuka. Akaniangalia miye. Akaangalia ukuta. Akarudi ku uso yangu, yenye ilikuwa ingali vile, nyusi juu, vidole ku mudomo, nimesahau kuishusha. Hakusema na ubaya, weye. Alisema sawa mutu anakuonyesha kama umevaa nguo nyuma mbele.

"Mulamu, huyu iko weye. Ya kaka yangu hapa iko tu ile sikio."